Vidole Viwili na Gumba

Kiwandani walimwita Bi Besi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa siku alipofika kazini na gitaa lake la besi, lile la sauti nzito, limeviringishwa kwenye blanketi, ili akitoka apitilize mazoezini. Mpiga chapa mmoja, mtu wa kugusagusa vitu, akaichomoa shingo ya gitaa nje ya blanketi na kuvuta uzi mmoja mnene. Uzi ukaguna. Jamaa akaruka nyuma kama aliyekanyaga mkia wa paka.

"Hili si gitaa," akasema, "hili ni baba mkwe aliyeamshwa usingizini!"

Watu wakacheka mpaka mashine ikasimamishwa. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hata meneja.

Kazi yake ilikuwa kukata karatasi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama mbele ya mashine ile yenye kisu kipana kama mlango, anapanga marundo, anayanyoosha kingo kwa viganja, anabonyeza. Vidole vyake vilijua karatasi kuliko macho ya wengine. Mpe kipande, atakisugua kidogo kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha akwambie: hiki cha daftari, hiki cha jalada, na hiki aliyekuuzia amekupunja.

Besi ilimjia ukubwani. Alikuwa na miaka thelathini na tisa alipomsindikiza mazoezini rafiki yake muuguzi, aliyekuwa akiimba na kikundi kidogo cha watu wenye kazi zao. Mwalimu wa hesabu alipiga gitaa, fundi bomba alipiga ngoma, na muuguzi akaimba. Wa kupiga besi hakuwepo, kwa sababu kila mtu hupenda asikike, na besi ni kama msingi wa nyumba: hakuna mgeni anayeusifu, lakini ukitikisika wote hutoka mbio. Bi Besi alisikiliza nyimbo tatu akiwa amekaa, kisha akasema, "Hapa chini pana shimo." Mwezi uliofuata akanunua gitaa kuukuu kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, akaanza kuliziba lile shimo.

Walifanya mazoezi kila Jumamosi alasiri katika stoo ya fundi bomba, katikati ya mabomba, viwiko vya kuungia na koki. Ilikuwapo sauti moja ya chini ambayo Bi Besi akiipiga, mabomba yote yaliyoegemezwa ukutani yalinguruma kwa pamoja. Fundi akayafunga matambara. Hayakunyamaza kabisa, ila yalianza kunong'ona.

Mambo yakaenda hivyo miaka kumi na miwili.

Mumewe alikuwa na dada mdogo, karani wa benki, mwanamke mchangamfu, mpenda mambo mapya. Ukimwona na simu leo, kesho ana nyingine. Huyu alimwomba Bi Besi amfundishe besi, naye akamfundisha kwa moyo mweupe, sebuleni, akimshika vidole kimoja kimoja kama mtoto anayefunzwa kuandika. Haikupita mwaka, mwanafunzi akawa na gitaa jipya la nyuzi tano, na ubao wa vikanyagio sita vya kubadilisha sauti, vinavyometameta kama gari la zimamoto.

"Wifi," alimwuliza siku moja, "mpaka leo unatumia nyuzi zile zile?"

"Zina kosa gani?"

"Zimezeeka. Za kwangu nabadilisha kila baada ya miezi mitatu."

"Basi zako hazijapata hata muda wa kukujua," akajibu Bi Besi, na mumewe akajifanya anatafuta miwani, maana mwanamume aliyekaa kati ya mke na dada yake hana budi kuwa na kitu cha kutafuta.

Ajali ilitokea Jumatano asubuhi. Toroli lililosheheni karatasi liliachwa kwenye sakafu yenye mteremko mdogo, likaanza kutembea lenyewe. Bi Besi alikuwa mlangoni. Aliunyoosha mkono wa kushoto aushike mwimo apate kulizuia kwa mgongo, toroli likamwahi na kuubana mkono ule pale pale. Kidole cha pete na kile cha mwisho vilivunjika, kila kimoja zaidi ya mahali pamoja.

Hospitalini walimtia vyuma, wakamfunga bandeji wiki sita. Siku ya kufungua, vidole viwili vilitoka vimenyooka kama penseli. Havikukunjika hata alipojaribu kuvikunja kwa mkono mwingine.

Daktari alikuwa mtu wa maneno ya wazi. "Mama, kazi utafanya, kupika utapika. Lakini kuvikunja hivi viwili, sahau."

"Na besi?"

"Basi? Basi utapanda tu, mama, utashikilia kwa mkono wa kulia."

"Besi, daktari. Gitaa."

Daktari akautazama ule mkono, akaugeuza, akautazama tena.

Bi Besi alilia kwenye ukumbi wa hospitali, mbele ya watu wanaosubiri kuitwa, na mumewe amesimama kando ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, hajui aupeleke wapi. Alilia kama dakika tano hivi. Kisha akapenga kamasi, akauchukua mkoba, akasema, "Twende. Hapa hakuna wanalolijua zaidi."

Kikundi kilikuwa kimekwisha kualikwa. Mwalimu mkuu wa shule anakofundisha yule mwalimu wa hesabu alikuwa anastaafu, na walitakiwa kupiga kwenye sherehe ya kumuaga. Ilibaki miezi mitano na nusu. Wakamwomba yule karani wa benki, wifi yake Bi Besi, ashike nafasi, naye Bi Besi mwenyewe akaridhia. Jumamosi ya kwanza alikwenda kusikiliza, akakaa juu ya sanduku la viwiko. Wifi alipiga vizuri, hilo hakuna wa kulikataa. Alipiga sauti nyingi, za haraka, zinapanda na kushuka, na kila kikanyagio kilipata zamu yake. Nyuma yake fundi bomba alikuwa anatoka jasho kama anayefukuza kuku.

"Vipi mazoezi?" mumewe akamwuliza nyumbani.

"Dada yako ana vidole vyepesi."

"Hiyo ni sifa au ni neno?"

"Ni vidole."

Kesho yake akalitoa gitaa. Nyuzi zake zilikuwa nene, za waya wa duara wenye kukwaruza, tena zilikaa juu mbali na shingo. Zamani alizigandamiza kwa vidole vinne wala hakuona taabu. Sasa kila kitu kilimwangukia kidole cha shahada na cha kati, na baada ya wimbo mmoja mkono uliwaka moto mpaka kwenye kiwiko. Vile viwili vilivyonyooka vilisimama hewani kama mashahidi wasiotaka kuulizwa.

Muuguzi alipokuja kumkanda mkono, alimkuta ameloweka vidole kwenye maji ya vuguvugu.

"Shoga," akamwambia kwa upole, "usije ukajiumiza zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi ninavyo viwili, na gumba juu. Mlete huyo chawa."

Jumatatu alikwenda kwa muuza vyombo vya muziki. Yule bwana akamtandazia pakiti za kila rangi, akimsifia zinazong'aa, zinazolia, zinazopigwa na vijana. Bi Besi aliomba azifungue. Akazisugua kati ya gumba na kidole cha shahada, moja baada ya nyingine, macho ameyafumba, kama aliyeko kazini.

"Hizi," akasema.

Zilikuwa nyuzi za waya bapa, laini kama utepe, za aina isiyohitaji kukazwa sana.

"Mama, hizo hazina kelele. Wanunuzi wake wachache."

"Kelele ninayo nyumbani."

Alizifunga jioni ile. Zilikuwa rahisi kugandamiza, lakini bado zilikaa juu. Akaishika skrubu ya daraja, pale nyuzi zinapokalia, akazishusha mpaka skrubu ikafika mwisho, na bado. Basi akafanya jambo ambalo mumewe alilikuta limeshafanyika: shingo ya gitaa mezani, kiwiliwili kwenye kochi.

"Umelichinja!" mume akapiga ukelele.

"Naliwekea mto. Nipishe mwanga."

Alikuwa amekata kipande chembamba cha karatasi ya jalada, kile kigumu cha vitabu vya shule, akakiweka pale shingo inapoungana na kiwiliwili, upande wa ndani. Akakaza tena. Shingo ikainama nyuma kidogo sana, upana wa ukucha, nyuzi zikashuka. Mara ya kwanza zilivuma kama mzinga wenye nyuki. Akafungua, akachagua karatasi nyembamba zaidi, akalegeza robo mzunguko kile chuma kinachopita ndani ya shingo, akajaribu. Bado uzi mmoja ulilalamika. Karatasi ya tatu ikamaliza mashauri. Hakuna fundi wa magitaa ambaye angeijua karatasi ile. Yeye aliijua kwa kuigusa tu.

Ikabaki kupiga. Kila siku akitoka kazini, kabla ya kuinjika chungu, alikaa saa nzima. Kile alichokuwa akikifikia zamani kwa kutanua vidole, sasa alikifikia kwa kuusogeza mkono wote, na nyuzi zile laini zilimwacha ateleze bila mkwaruzo. Kuna sauti hakuwahi kuzifikia kwa wakati. Akaziacha. Wiki baada ya wiki akawa anaziacha nyingine, na siku moja akagundua kwamba wimbo haukuzililia. Nyingi zilikuwa wageni waliojialika wenyewe. Zilizobaki zikapata nafasi ya kukaa na kunyoosha miguu.

Ilipobaki wiki tatu kabla ya sherehe, alilibeba gitaa lake mwenyewe mpaka stoo. Walikuwa wote wameshafika.

"Nimerudi," akasema. "Sikuja kuomba kuhurumiwa. Sikilizeni. Mkiona haifai, niambieni kwa mdomo, msiniambie kwa macho."

Mwalimu akakohoa. Wifi akachomoa waya wake, akarudi nyuma hatua mbili, mikono kifuani.

Walichagua wimbo wa taratibu. Bi Besi akaanza peke yake: sauti moja, kimya, sauti mbili. Haikung'aa. Ilikuwa nzito na mviringo, kama mtu anayegonga mlango anaojua utafunguliwa. Fundi akaingia na ngoma, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alipiga akiwa ameketi vizuri kitini. Kwenye ubeti wa pili kidole cha penseli kiligusa uzi kikaukata wimbo katikati. Bi Besi akacheka kwa sauti, akauokota mbele kidogo, wakaendelea mpaka mwisho.

Fundi akaitazama miguu yake.

"Mguu wangu," akasema, "umejua pa kukanyaga."

"Na mimi nimepumua," akasema muuguzi. "Siku zote hizi nilikuwa naimba huku nakimbia."

Mwalimu, mtu wa hesabu, akataka kugawanya. "Labda nusu ya nyimbo huyu, nusu yule..."

"Mimi nimewashikia nafasi miezi mitano," wifi akadakia. "Sasa naondolewa kama mpangaji?"

"Huondolewi," Bi Besi akamjibu. Hakupandisha sauti, wala hakuipunguza. "Ulinishikia, na nakushukuru mbele ya wote. Lakini besi ni yangu. Wewe nyuzi zako za juu zinaimba, nimezisikia. Zipige huko juu, mwalimu apumzishe mkono."

"Unanipandisha au unanishusha, wifi?"

"Nakupandisha. Chini pana mtu."

Fundi alicheka, akajuta. Wifi alikusanya vikanyagio vyake, akaondoka.

Siku tatu zilipita. Jumanne alasiri, Bi Besi ndiyo kwanza karudi kutoka kazini, wifi akabisha hodi, eti amekuja kumwona kaka yake, na kaka yake yuko kazini kama kila Jumanne. Alikunywa maji, akasifu mapazia, kisha macho yakamponyoka kwenda kwenye gitaa.

"Naweza kuligusa?"

"Ulijifunzia hilo hilo."

Akalipakata, akavuta uzi. "Mbona kama zimekufa?"

"Hazijafa. Zimejifunza kunyamaza. Kuna watu wangefaa kukaa nazo."

Wifi akamtazama, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaliegemea gitaa. Halafu akapiga tena, polepole, kwa vidole viwili tu, akijaribu kuona inakuwaje. Ilimshinda. Akajaribu tena.

"Si kazi ndogo," akasema.

"Si ndogo."

Jumamosi alifika stoo wa kwanza, na vikanyagio viwili badala ya sita.

Siku ya sherehe ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu mkuu, ambaye wanafunzi waliapa hawajawahi kuyaona meno yake, alivumilia nyimbo mbili akiwa ameketi. Wa tatu ukamnyanyua. Besi ilitembea chini bila haraka, juu yake gitaa la wifi likawa linaitikia kama mtu anayesaidia kusimulia, na mstaafu akacheza na mpishi wa shule, na karani, na kila aliyekuwa akimwogopa.

Walipokuwa wanakusanya nyaya, mpiga besi wa kikundi kingine, bwana mrefu mwenye kofia, alimsogelea Bi Besi. Alikuwa amemtazama mkono muda wote.

"Mama, samahani. Huo wa kupiga huku vidole viwili vimesimama, ni mtindo gani?"

"Ni mtindo mzuri," akajibu, "ila ada yake kubwa mno. Wewe nunua nyuzi tu."

Akamwelekeza dukani, akamweleza na karatasi ya kukata, mpaka upana wake. Kisha akalitundika gitaa begani akamfuata mumewe, aliyekuwa ametangulia na spika kichwani, na njia nzima yeye na wifi yake wakawa wanabishana kama ule wimbo wa tatu waliuanza kwa kasi mno au la.