Kumpeleka Mama Mkwe Mikumi Kupima Macho

Safari hii sikuiomba. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Kidete, alimimina chai ya moto kando ya kikombe, ikamuunguza mjukuu wake mkononi. Mtoto alipona, lakini bibi yake hakushika birika tena. Kwa muda mrefu alikuwa akijitibu kwa miwani za mnadani Dumila. Anavaa moja, anachambua mchele kiganjani, na ikimridhisha ananunua. Ikimshinda nyumbani, analaumu miwani. Tuliposikia kwamba madaktari wa macho wamefika kwenye hospitali moja ya Mikumi, ikabidi mtu ampeleke. Mke wangu Mwajuma ni mwalimu, na darasa la saba walikuwa kwenye mtihani. Nikabaki mimi.

Nilichoka kabla hata ya kutoka. Katika ukoo wao, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, wala hakai naye bega kwa bega. Sasa mtu asiyeona vizuri utamwongozaje bila kumgusa? Nililiwaza hilo usingizi ukakatika.

Kidete, alfajiri. Nilikodi bodaboda mbili, kila mtu na yake.

"Si mpande mshikaki tu, wawili nyuma yangu, mzee?" dereva wangu akauliza. "Mbona wote mnakwenda Kilosa?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

Akawasha pikipiki.

Kilosa, asubuhi. Pale stendi tulishika fimbo moja, mimi ncha ya mbele, yeye ya nyuma, na watu wakawa wanageuka kututazama. Hata hivyo alijigonga kwenye mkokoteni wa ndizi, kisha kwenye nguzo, vyote upande wake wa kushoto. Niliona, lakini sikulitia maanani. Ndani ya basi kondakta alituweka kiti kimoja. Nikaweka kapu katikati yetu, nikakaa nusu kiti hadi Mikumi, vumbi likiingia kila dirisha. Mama hakulalamika. Aliuliza mara moja tu kama tumeshapita kijiji cha Ulaya, nami nikasema tumepita, ingawa bado, maana sikuwa na nguvu ya maelezo.

Mikumi, mchana. Foleni ilizunguka jengo. Tulisogea kidogo kidogo pamoja na wafugaji waliotoka mbali kuliko sisi, wengine wameegemea ukuta wamelala. Zamu yetu ilipofika, muuguzi alimkalisha mama mbele ya ubao wenye alama zinazoelekea juu, chini na pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Funika jicho la kushoto. Nionyeshe kwa kidole kila alama imeelekea wapi."

Akaonyesha za juu, zile kubwa, akakwama kwenye ndogo.

"Vizuri. Sasa funika la kulia."

Mama akafunika. Akasema taratibu, "Mbona mmezima taa?"

Hakuna aliyekuwa amezima taa. Jua lilikuwa linawaka dirishani, mbele ya uso wake. Muuguzi akanitazama, nami nikatazama sakafu. Niliona uchungu ambao sikuutegemea. Mama wa watu alikuwa ametembea na jicho moja, hajui, na sisi tuliokula naye kila siku hatukujua.

Daktari, kijana mpole, alimpima kwa mashine, kisha akavuta kiti karibu naye.

"Mama, hii ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. Hata miwani haitalirudisha."

"Na hili jingine?"

"Limeanza kuguswa, lakini tunaweza kulilinda. Nitakupa miwani ya kuonea karibu, na dawa ya matone. Tone moja kila jioni, usiache hata ukijisikia mzima."

Akanigeukia. "Wewe ni mwanawe?"

"Mkwe."

"Basi mkeo ni damu yake, na ugonjwa huu hurithiwa. Naye alete macho yake."

Kilosa, jioni. Usafiri wa Kidete ulikuwa umekwisha, tukapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Saa ya dawa ilipofika, nilimwomba mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, amwekee mgonjwa wangu tone. Akanyoosha mikono yake nione inavyotetemeka.

"Nitamtia puani, baba. Weka mwenyewe."

Nikamweleza habari ya ukwe. Nikasema pengine jirani, pengine muuza duka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasikiliza. Akainua uso juu.

"Weka, baba. Desturi haitanipa jicho jingine."

Nikanawa mikono. Nikamvuta kope ya chini kwa kidole kilichokuwa kizito kama si changu, tone likaingia. Akafumba macho, akasema ahsante. Nikatoka nje kukaa kidogo peke yangu.

Kidete, siku iliyofuata. Njiani nilikuwa nimejifunza kumtembeza nikiwa kushoto kwake, upande asiouona. Nimejifunza pia kwamba jicho linaweza kufa bila kelele wakati mwenzake analifanyia kazi, na kwamba miwani ya mnadani haipimi kitu. Hayo nilimweleza Mwajuma nikiwa bado na vumbi. Nikamwambia pia kwamba zamu yake ya kupimwa imefika.

"Mimi?" akasema. "Nasahihisha madaftari ya darasa zima bila miwani. Labda likizo ya mwezi wa kumi na mbili."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Mama ndiye aliyemwita kutoka mkekani.

"Mwajuma, njoo usimame hapa."

Akasimama mbele yake. Mama akafunika jicho lake la kulia kwa kiganja.

"Sasa sikuoni, mwanangu. Na jicho hili halijaniuma hata siku moja."

Mwajuma alikaa chini pale pale mkekani. Baadaye, bila kunitazama, akaniuliza basi la Mikumi linaondoka Kilosa saa ngapi.