Nilivyofelishwa Uhandisi Katindiuka

Mwaka ule nilikuwa nasimamia ujenzi wa makalavati, yale mabomba makubwa ya kupitishia maji chini ya barabara, kwenye barabara ya kwenda Idete, nimepanga chumba Katindiuka, pale Ifakara, kwa mama mmoja mkunga mstaafu. Digrii nilikuwa nayo siku nyingi, ila kwa bodi ya kusajili wahandisi nilikuwa bado mhandisi mhitimu tu. Ili niitwe mhandisi mtaalamu na kupewa muhuri wangu mwenyewe, ilinibidi niandike ripoti ya kazi nilizofanya, halafu niende Dodoma kuketi mbele ya jopo la wahandisi wakongwe wanihoji watakavyo.

Msimamizi wangu, aliyekuwa ofisi ya Morogoro, alinishauri kwa simu. "Jizoeze mbele ya watu wasiojua uhandisi. Ukiwaelewesha hao, jopo halitakusumbua."

Ushauri ulikuwa mzuri. Nilipokosea ni kumsimulia mama mwenye nyumba.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikuta meza ya kulia imetolewa uani, imetandikwa kitambaa cheupe, na nyuma yake wameketi watu watatu. Katikati mama mwenye nyumba, ndiye mwenyekiti. Kulia fundi mkuu wangu wa zege, ambaye nilidhani amekuja kusalimia. Kushoto jirani yetu, mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyekuja kununua pumba za mpunga akaombwa abaki ili akidi itimie.

"Nenda kavae kama utakavyovaa siku yenyewe," mama akaniambia.

Nikaenda kuvaa koti la suti. Asiyeijua Ifakara mchana wa jua kali hawezi kunionea huruma inavyostahili. Nilirudi nikasimama mbele yao huku jasho likinitiririka mgongoni, kuku wakipita kati yangu na jopo. Mama alitusalisha, akafungua daftari la muhtasari, akasema nianze.

Nilieleza kwa dakika kumi jinsi zege linavyochanganywa, linavyomwagwa, na linavyomwagiliwa maji siku ishirini na nane mpaka likomae.

"Siku ngapi?" mama akauliza.

"Ishirini na nane, mama."

"Mzazi tunamtunza siku arobaini, na yeye habebi malori. Kwa nini zege mlitoe mapema?"

Nikamweleza habari za vipimo vya maabara. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari, asinionyeshe. Fundi mkuu alipopewa nafasi aliuliza kwa nini siku zote nachelewa kukagua nondo, swali ambalo naamini alikuwa nalo moyoni tangu masika. Nikajitetea vibaya.

Mwishowe mzee akakohoa. "Mimi shule sikusoma," akasema. "Nataka kujua jambo moja. Katika kazi hiyo yote, ulikosea wapi?"

"Sikukosea, mzee. Kila kitu kilienda kama kilivyochorwa."

Akamgeukia mwenyekiti. "Mayu," akamwambia, maana ndivyo anavyowaita wanawake wote wa heshima, "huyu hajafanya kazi. Au ameifanya na anatudanganya."

Wakanong'ona kidogo. Kisha mama akavaa miwani na kunisomea kwa upole kwamba jopo limeniona sijaiva, nirudi baada ya kujirekebisha. Nikawashukuru, nikaingia ndani kuvua koti. Nilicheka peke yangu, nikadhani yameishia hapo.

Kesho yake asubuhi muuza vitumbua alinipa pole. Dereva wa bajaji naye akanipa pole, akaongeza kwamba hata yeye leseni aliipata mara ya tatu. Nilipofika saiti nikakuta mchanga upo, kokoto zipo, saruji ipo, na vibarua wote wamekaa juu ya mabomba.

"Kuna nini?" nikamuuliza fundi mkuu.

Alikuwa anatazama chini. "Injinia, nilisema tu nyumbani kwamba hujapita. Sasa vijana wanauliza, kama mhandisi amefeli, zege hili likipasuka atajibu nani?"

"Lakini wewe ulikuwepo. Lilikuwa zoezi."

"Nimewaambia. Wanasema hata zoezi mtu anafeli asilolijua."

Nikiwa bado nimesimama pale, simu ikaita. Msimamizi wangu kutoka Morogoro.

"Nasikia umefeli," akasema taratibu. "Mbona usaili wako ni wiki ijayo?"

Ilinichukua muda kumweleza. Nikamsikia akicheka mbali na simu. Aliporudi akasema, "Basi rudia mtihani. Sitaki kazi isimame."

Nikamtuma dereva wa gari la saiti akawalete wajumbe wangu wawili. Walikuja upesi mno, mama ameshika daftari, mzee fimbo yake. Wakaketi juu ya mifuko ya saruji, vibarua wakazunguka, na wakulima waliokuwa wakipita na majembe wakasimama kusikiliza. Koti sikuwa nalo. Nilisimama na buti zenye tope, na safari hii mzee hakungoja nimalize.

"Ulikosea wapi?"

Nikalionyesha kalavati la kwanza. Niliwaambia nilipima usawa wake kutoka kwenye kigingi kimoja tu, bila kukihakiki. Kumbe ng'ombe walikuwa wakijikuna pale mpaka kigingi kikazama. Tukalaza mabomba mawili chini kuliko ilivyotakiwa, na mvua ya kwanza maji yakasimama humo kama bwawa. Ikabidi tuyang'oe tuyalaze upya. Kwenye ripoti sikuandika neno, kwa aibu.

Watu wakamtazama mzee. Ng'ombe wa eneo lile kila mtu aliwajua ni wa nani.

"Ng'ombe wana kosa?" mzee akauliza.

"Hawana, mzee. Kosa ni langu niliyekiamini kigingi."

"Amepita," akasema, akasimama.

Mama alitaka kwanza tujadili zile siku arobaini, lakini vibarua walikuwa wameshawasha mashine ya zege.

Jioni hiyo niliongeza kurasa mbili kwenye ripoti, kuhusu kigingi. Dodoma walinihoji karibu saa nzima, sehemu kubwa yake kuhusu kurasa hizo, na mmoja wao alikiri kwamba yeye aliwahi kujenga ukuta mzima upande usio wake. Baada ya wiki kadhaa barua ikaja, nimepita. Muhuri nao ukafuata.

Mama alinipikia wali kwa samaki wa Kilombero, akatangaza kwa majirani wote. Matokeo yake, asubuhi ya Jumamosi nilimkuta mama wa nyumba ya tatu mlangoni na mchoro wa banda la kuku kwenye karatasi ya daftari. Alitaka niugonge muhuri. Nikaenda kulikagua banda lenyewe, nikakuta nguzo mbili zimeinama, nikamwambia siwezi mpaka azinyooshe.

Alikasirika, hakunisalimia siku nne. Siku ya tano alinituma nikaangalie tena, na nguzo zilikuwa zimenyooka kabisa.