Fahali wa Mzee Mwandu

Mimi nauza raba za mtumba hapa Bariadi, kando ya barabara ya kwenda mnadani. Pembeni yangu anakaa Luhende, mchora raba. Ananunua zangu nyeupe za kitambaa, anazipaka rangi kwa vibrashi vyake, halafu anajiita msanii. Msanii! Kazi yake yote inatoka kwenye simu. Mteja akitaka ua, simu. Akitaka simba, simu. Siku moja Anna muuza uji alimwomba amchore mwanawe. Mtoto amesimama pale pale, anacheka, na Luhende anatafuta kwenye simu picha ya mtoto anayecheka. Nilitema mate pembeni.

Na miwani yake ya jua isikudanganye. Amezaliwa kijijini huko upande wa Maswa, amechunga ng'ombe mpaka magaga yakampasua miguu. Alipoonja mji, akaanza kuziba pua mifugo ikipita. "Mayu, mimi na ng'ombe tulishaachana," ananiambia, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chetu. Khaa! Utadhani ng'ombe ndio waliomlilia.

Basi huyo huyo akampata Lukresia, muuguzi, binti wa mzee Mwandu wa Dutwa. Binti ana akili zake, alimpendea nini mpaka leo sijui. Mzee hakutaka kusikia habari za mkwe mchora viatu, lakini Lukresia akatafuta njia. Baba yake ana fahali anaitwa Ngosha, anampenda kuliko baadhi ya watoto wake. Mwekundu, kipaji cha uso cheupe, pembe moja imelala.

"Mchoree baba Ngosha kwenye raba," akamwambia Luhende mbele yangu. "Akimwona miguuni kwake atalainika. Lakini nenda ukamtazame kwa macho yako, tafadhali."

Dutwa si Ulaya. Ukipanda pikipiki hapa, unafika uji wako haujapoa. Hakwenda. "Ng'ombe ni ng'ombe, mayu," akasema, akainamia simu.

Siku ya kujitambulisha akaniomba nikae nafasi ya mama yake, maana wake ni marehemu. Nikafunga kitenge changu cha maana, tukaenda. Raba sikuwa nimeziona. Alikuwa amezifunga kwenye karatasi ya kung'aa, na bwana mkubwa anatembea kifua mbele.

Mzee Mwandu akapokea kwa mikono miwili. Akafungua, akavaa miwani, akazisogeza karibu na macho. Nikachungulia. Ng'ombe wa mabaka meusi na meupe, wale wa kwenye pakiti za maziwa! Nundu hana hata ya kusingizia. Na chini, Mungu wangu, kiwele cha rangi ya waridi, chuchu zote nne.

"Huyu ndiye Ngosha?" mzee akauliza taratibu.

"Ndiyo, baba," Luhende akajibu. Bila hata aibu!

"Ngosha yuko zizini pale. Umempita ukiingia." Mzee akazirudisha raba kwenye karatasi yake. "Lukresia kaniambia alikutuma uje umtazame, ukaona shida. Binti yangu akiugua, naye utamtazama kwenye simu?"

Hakuna aliyegusa chai. Nilitamani ardhi inimeze, mimi mama wa kuazimwa, nimebeba fedheha ambayo sikuizaa.

Lukresia alilia, lakini yule binti ana moyo. Kesho yake akaja mezani kwa Luhende. "Mchore upya. Nitambembeleza baba akupokee mara moja tu, zaidi ya hapo siwezi. Jumamosi nikitoka zamu napita kuziona." Nikamwambia kijana, panda pikipiki sasa hivi. "Nitakwenda, mayu." Nitakwenda, nitakwenda, mpaka Jumamosi ikamkuta amekaa.

Siku hiyo kundi la ng'ombe wa mnadani likapita nyuma ya kiti chake. Mafahali hasa, nundu zinatikisika. Mmoja mwekundu, kipaji cheupe, utadhani ndugu yake Ngosha, akasimama akampumulia shingoni. Luhende kainama, kidole kiko kwenye kioo cha simu.

"Geuka nyuma, wewe!" nikafoka.

"Subiri, mayu, mtandao unasumbua. Natafuta ng'ombe mwenye nundu." Na mkono wake ukamfukuza fahali yule kama anafukuza nzi, bila kumtazama.

Kundi lilipopita, vumbi likatulia, nikamwona Lukresia ng'ambo ya barabara, amesimama na sare yake ya kazi. Alikuwa ameona yote. Nikampungia aje. Akatikisa kichwa, akasimamisha bajaji, akaondoka.

"Mayu," Luhende akaniuliza, macho bado kwenye simu, "Lukresia hajafika tu?"