Kumbikumbi wa Mjusi Wangu

Nikipita sokoni Busia nikasikia harufu ya kumbikumbi wanaokaangwa, hasira hunipanda mpaka leo.

Nilipokuwa mtoto nilifuga mjusi ndani ya kasha la sabuni. Ili apate kula, nilichuchumaa asubuhi nzima kwenye kichuguu, nikigonga vijiti ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Niliwaweka hai katika kopo la majani ya chai lenye kifuniko nilichokitoboa kwa msumari, kisha nikaenda kuteka maji.

Niliporudi, kopo lilikuwa tupu na kikaango kilikuwa motoni.

“Shangazi, hao ni wa mjusi wangu!”

“Chakula ya watu unapatia mjusi?” alifoka. “Wageni wako ndani. Peleka!”

Kwetu anayeleta chakula huonja kwanza, mgeni aone hakina sumu. Nilisimama mbele yao na sahani, machozi yakinitiririka, nikimlaani shangazi moyoni. Nikatia mmoja mdomoni.

Alikuwa mtamu. Wageni wakacheka, shangazi akacheka, na mkono wangu, mkono mshenzi huu, ukarudi sahanini bila kutumwa.

Kwenye kasha, mjusi alikuwa bado anangoja.