Namba Niliyosomewa na Mama Nekesa

Sina faida yoyote kukudanganya, maana kisa chenyewe kinaniaibisha. Kama ningekuwa natunga, ningejitungia sehemu nzuri kuliko hii.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wazazi wenye watoto walemavu, hapa Bureti. Asubuhi moja mfadhili alinipigia simu: alikuwa ametutumia barua pepe kuhusu viti vya magurudumu, na tusipoijibu kabla ya jioni, viti vitapewa kikundi kingine. Sasa, nani angeifungua? Akaunti ya kikundi ilifunguliwa kwa laini ya Mama Nekesa, aliyekuwa katibu wetu, Mluhya mmoja mpole aliyepanga nyumba Roret. Alipoanza kuugua aliacha kuja mikutanoni. Hakuna aliyeenda kumwona. Hata mimi.

Nywila nilikuwa nayo, nikajaribu kuingia kwa simu yangu. Ikaniambia namba ya siri inatumwa kwa laini yake. Nikampigia, hapatikani. Nikapanda bodaboda mpaka Roret.

Alikuwa ameketi barazani anachambua kunde, mchana, ukungu kidogo juu ya majani ya chai. Niamini, nilimwona kama ninavyokuona wewe.

"Mwenyekiti, umekuja," alisema. "Keti basi."

"Mama, leo niko na haraka. Ile email yetu inatuma namba kwa simu yako sasa hivi. Nisomee tu."

Hakuinuka kutafuta simu. Aliendelea na kunde zake huku akinitajia tarakimu moja moja. Nikaziandika, akaunti ikafunguka. Unadhani nilishangaa? Nilifurahi tu, nikageuka niende.

"Hata kukaa kidogo?"

"Nitarudi, mama."

Nikingoja bodaboda barabarani, nikamjibu mfadhili. Kisha nikaona barua nyingine ambazo hazikuwa zimesomwa. Tatu zilitoka kwa Nekesa, binti yake. Ya kwanza ilisema mama amelazwa. Ya pili ilisema ametuacha. Ya tatu ilitaja siku ya mazishi, nyumbani kwao Bungoma, na kwamba mama mwenyewe ndiye aliyesema tuandikiwe hapo, kwa sababu kikundi hakiwezi kukosa kusoma. Miezi ilikuwa imepita.

Nikarudi mbio. Mlango ulikuwa na kufuli, baraza limejaa majani makavu. Jirani akaniambia nyumba haijapata mpangaji tangu mama afe.

Viti vilikuja. Kila mzazi ananishukuru, nami natazama chini.

Baadaye nilisafiri mpaka Bungoma kuomba msamaha. Nekesa alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaniuliza, "Mwenyekiti, nani aliwaambia?" Nikamjibu kwamba tulisoma barua zake. Ningemwambia nini? Kwamba mamake alinikaribisha kiti nikakataa?

Sikia, wewe unayesoma. Kama kuna mtu aliyetoka kikundini kwenu akiwa mgonjwa, mtafute sasa, wakati huna shida naye. Ukingoja mpaka umhitaji, anaweza kukusaidia kweli, na hapo hutapata mahali pa kuficha uso.