Panzi na nyonga ya nyanya

Mjukuu wangu akinichua nyonga na ile dawa ya mkaratusi, harufu yake hunirudisha utotoni, kule Makongeni, kwa nyanya yangu aliyejipaka dawa hiyo hiyo. Alikuwa anachechemea, na mama alipenda kumtania kwa sauti ya pua: “Huo mguu utang'oka siku moja, mama!” Mimi huyo, nikaamini. Nikashika panzi nione vile mguu hung'oka. Nilivuta kidogo tu, paja na goti na ile miiba yote ikatoka. Nikalia.

Nyanya akanguruma, “We daktari, umeua mgonjwa?”

Nikamwambia naogopea mguu wake. Akaweka kiganja changu kwenye nyonga yake, akatembea uani. Nikasikia mfupa ukizunguka ndani kama mchi kwenye kinu, unakwaruza lakini hautoki.

“Zunguka tena, nyanya.”

Akazunguka mpaka ugali aliouacha jikoni ukaungua.