Nyanya Alipowahukumu Wenye Pembe

Juzi binti yangu aliniwekea simu mkononi, akaniomba nitazame naye katuni. Nilidhani ni ya paka na panya. Kumbe ni ile ya Kijapani ya miungu na mashetani, ya watu wazima, yenye damu hadi kwenye pembe za kioo. Shuleni kwao, kabla milango haijafungwa kwa sababu ya hawa waasi waliouteka mji, wanafunzi walikuwa wakizipa katuni pointi kati ya kumi, na sasa alitaka kujua mimi naipa ngapi. Wimbo wa mwanzo ulipoanza, niliongeza sauti. Rafiki yangu, wimbo ule niliujua kabla mtoto huyu hajazaliwa.

Niliusikia mara ya kwanza mtaani Mapendo, katika nyumba ya video ya jirani yetu. Ilikuwa nyumba ya mbao kama zetu zote, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta ikiguruma nje juu ya mawe meusi. Jumamosi, tukishamaliza kuteka maji ziwani na kuchambua maharagwe, tulikimbilia huko na mahindi ya kuchoma mikononi. Hadi leo nikisikia harufu ya mahindi ikichanganyika na petroli, natafuta benchi la kukaa. Jirani alisimama kando ya televisheni na fimbo, akatutafsiria. Kijapani hakujua hata salamu. Maneno yote aliyatoa kichwani mwake, nasi tulimwamini kuliko padri.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeipenda katuni ile kupita kiasi. Ndani yake kulikuwa na mtoto mwenye vipembe vifupi kama vya ndama, anayemtafuta mama yake kwenye mlima wa moto. Mdogo wangu alimbeba moyoni wiki nzima. Akitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, anamsema yeye. Akila, anauliza kama yule naye amekula.

Kisha akina mama wa mtaa wakasikia kwamba katuni ina damu na mashetani, wakamtuma nyanya, mama yake mama yangu, akaitazame na kutoa hukumu. Alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake halikurudishwa. Akikataa, watoto wote wangezuiwa, na bila sisi mabenchi yale yangekaliwa na mbu. Jirani alilipangusa benchi la mbele kwa shati lake mwenyewe. Mdogo wangu alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

Jirani akaanza kueleza: hawa wenye mabawa na nguo za dhahabu ni miungu, na hawa wenye pembe ni mashetani. Nyanya alitazama kidogo tu, akamwambia asimamishe kaseti. Mwanamke huyu alizaliwa Masisi, milimani, katikati ya ng'ombe. Kwao pembe ndefu huimbiwa nyimbo, na ng'ombe mwenye pembe nzuri husifiwa kama bibi harusi.

“Mutu mwenye pembe ya vile hawezi kuwa mubaya,” alisema. “Bale benye kushukaka na moto, mimi nabajua. Ni bo balitufukuza kwetu Masisi.”

Hakuna aliyecheka. Jirani alitazama fimbo yake, akatazama kioo, halafu akaanza upya, na kuanzia siku ile wenye pembe wakawa miungu na wenye mabawa wakawa mashetani. Na ajabu ni kwamba hadithi iliingia vizuri zaidi. Hao wa mabawa walikuwa wakitua juu ya vijiji, wanachoma, kisha wanasimama mbele ya majivu na kuhutubia juu ya amani. Sisi tulikwisha kuwasikia, bila mabawa. Kanda ilipokwisha nyanya alijifunga kitenge chake sawasawa, akatoa hukumu.

“Hii si ya batoto. Lakini batoto ba hapa, ni nini hawajaonaka? Baache baangalie.”

Ikabaki kaseti ya mwisho. Jirani alisema inakuja na dereva kutoka Kampala. Kabla haijafika, mlima wa moto ulio juu ya mji wetu ukapasuka.

Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na mji mzima, magodoro vichwani, anga jekundu nyuma yetu. Jirani alikuwa mbele akisukuma televisheni yake kwenye chukudu, kile kibaiskeli cha mbao, kaifunika blanketi kama mgonjwa. Nyanya alimbeba mdogo wangu mgongoni. Mtu akataka kumpokea, naye akajibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Mdogo wangu hakulilia nyumba. Aliulizia kaseti.

“Nyanya, njo nani alishinda?”

“Benye pembe,” nyanya akasema, bila kupunguza mwendo. “Mutoto alimupata mama yake. Lala.”

Akalala. Nyanya hakuwa ameona chochote, wala hakuna aliyekuwa ameona, lakini alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Kule tulikunywa maji ya popote. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado ya moto chini ya viatu, na nyumba ya video ilikuwa chini yake. Mdogo wangu alirudi na kuhara, hakufika kuona bati la nyumba yetu mpya. Kaburi lake lilichimbwa kwa nondo, maana udongo haukuwepo. Miaka baadaye nyanya alikwenda Masisi kuulizia ng'ombe wake, uasi mwingine ukafunga barabara nyuma yake, na hatujui alizikwa wapi au kama alizikwa. Jirani nilisikia yuko Uvira, kisha sikusikia tena.

Sasa uniulize pointi. Michoro ni mizuri, sibishi. Damu imezidi. Miungu wanaongea kama watu wa redioni siku ya mapinduzi. Katuni yote imo ndani ya simu, na tafsiri ya Kifaransa chini yake, na kumbe ni kama jirani alivyoanza kutueleza: wenye mabawa ndio miungu. Binti yangu alitoka kuweka sufuria ya maharagwe motoni, nikabaki peke yangu na mwisho ambao mdogo wangu aliungoja. Wenye mabawa wanauzunguka mlima. Wanawamaliza wenye pembe wote. Yule mtoto mwenye vipembe anakufa mapema, hata mama yake hajatajwa, na muziki unapigwa wa furaha.

Nililia, naam, kwa ajili ya katuni. Nje lori la askari lilikuwa likipita polepole, na kila nyumba ilikuwa imenyamaza kulingoja lipite.

Binti yangu akarudi akijifuta mikono, akakaa karibu yangu.

“Mama, njo nani alishinda?”

Nilijua la kujibu. Nilikuwa nalo tayari kinywani, kwa sauti ya nyanya kabisa. Nikafungua mdomo, nikamwambia ni wenye mabawa.